Kusamehe Tumesamehe, Kuimba Bado

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo bila majivuno, ingawa mke wangu akinisikia nikisema huwa anacheka. Nilifika Nairobi na shati moja na darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza. Nilianza kwa kubeba madebe matupu kichwani, kutoka maduka ya Wahindi kule mjini mpaka Westlands, nikipanda na kuteremka kama punda asiye na mwenyewe. Nikajifunza kuyapasua yale madebe, kuyanyoosha, na kuyageuza masanduku. Kufikia katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa na karakana yangu pale Kangemi, mafundi wanne, na vyumba sita vya udongo nilivyovijenga kwenye kiwanja nilichokodishiwa na mwenye shamba. Vijana waliosoma mpaka darasa la nane walikuja kuniomba kazi. Niliwapa, lakini niliwapa nyundo, si kalamu.

Mtu wetu wa kutoka magharibi hakurudi nyumbani likizo bila sanduku la bati. Hata kama ndani mlikuwa na sabuni mbili na leso moja, sanduku lenyewe lilikuwa ndiyo habari kwamba Nairobi haikumshinda. Na sanduku likitoka kwangu, makuli wa mabasi ya kwenda nyumbani walilitambua kabla hawajalinyanyua. Pembe zangu hazikukwaruza mtu.

Kilichonifikisha pale ni tabia moja: sikumwamini mtu. Mhindi akinipunguzia bei ya bati, niliuliza bati lenyewe lina ugonjwa gani. Fundi akinitangulia kazini, nilikwenda kuangalia misumari. Mtu akinisalimia mara mbili siku moja, nilijua anakuja kukopa. Isitoshe, ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, askari anakusimamisha barabarani uonyeshe karatasi, jirani anamtazama jirani kwa pembe ya jicho. Wengine walianza kushuku watu kwa sababu ya serikali. Mimi nilikuwa nimeshaanza zamani.

Fundi wangu mkuu ndiye niliyemshuku kuliko wote. Alikuwa mtu wa kwetu, wa rika langu, mwembamba, mwenye sauti laini kama anayezungumza na mgonjwa. Mishono yake ya bati ilishika maji hata kabla ya lehemu. Hakunywa, hakuvuta, hakutukana hata nyundo ilipomwangukia kidoleni. Alikuwa ameokoka, na kanisani yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mtu asiye na kasoro ya kuonekana, mimi nauliza ameificha wapi.

Nikadhani nimeipata. Kila Jumamosi mchana, kazi ikifungwa, chuma kimoja cha kulehemu kilikuwa hakionekani, na Jumatatu asubuhi kilikuwa mahali pake. Nikasema, haya, huyu anakwenda nacho nyumbani, anaziba sufuria za majirani kwa mkaa wangu na lehemu yangu, senti zinaingia mfukoni mwake. Alikuwa akikaa na mkewe katika chumba changu cha mwisho, kwa hiyo haikuniwia vigumu. Jumamosi moja alasiri nikaenda nyuma ya chumba kile nikijifanya naangalia ukuta uliobanduka udongo. Nilitega sikio nisikie nyundo.

Sikusikia nyundo. Nilisikia sauti yake ile laini ikiuliza swali moja, polepole, tena na tena: "Kisimani ulikuwa unaongea na nani?" Halafu tena: "Mimi sina haraka. Ulikuwa unaongea na nani?" Ndipo mkewe akatoa sauti fupi, kama mtu aliyekanyaga mwiba, akaizuia sauti isitoke yote. Nikakohoa kwa nguvu. Fundi akatoka mlangoni akiteremsha mkono wa shati lake.

"Karibu, tajiri. Ukuta unakusumbua?"

Nilichungulia ndani. Palikuwa na jiko linawaka na mkewe amekaa chini amenipa mgongo. Sufuria ya jirani hata moja haikuwepo. Nikarudi zangu nimeudhika, maana wizi niliokwenda kuutafuta sikuupata.

Katikati ya juma mke wangu akaniuliza wakati ananipakulia, "Umeuona mkono wa mke wa fundi wako?"

"Mimi naangalia mikono ya wake za watu?"

"Anasema ameungua na uji."

"Basi ameungua na uji."

"Uji hauchomi kwa mstari ulionyooka," akasema, akaniwekea sahani mbele kama anayeitupa.

Mimi nikawaza upande wangu. Nikasema labda mwanamke huyu ana mtu wake kisimani, na mume ana haki ya kuuliza. Nikasema labda anajiumiza ili arudishwe kwao. Nilikuwa na maelezo mengi, na kila moja lilikuwa na mtu wa kumshuku.

Sasa lazima nieleze mambo ya kanisa letu, maana asiyeyajua hataelewa kilichotokea. Lilikuwa kanisa la udongo lenye paa la bati, na bati lile nililipiga mimi, waulize. Jumapili asubuhi ilikuwa ibada ya wote. Alasiri ilikuwa ya waliookoka. Mimi sikuwa nimeokoka, lakini wateja wangu walikuwa wameokoka, kwa hiyo nilikwenda asubuhi na alasiri, nikakaa karibu na mlango. Desturi yao ilikuwa hii: aliyefanya dhambi anasimama mbele ya wenzake anaitaja. Akimaliza, mmoja anaanzisha wimbo, wote wanaupokea, wanampa mkono, wengine wanamkumbatia. Na dhambi ikishaimbiwa, imekwisha. Aliyeitaja tena baada ya hapo, hata kwa kunong'ona, aliitwa msengenyaji, na yeye ndiye atakayesimama Jumapili inayofuata kutubu.

Ilikuwa desturi nzuri kwa mwizi wa kuku. Nilimwona mtu aliyeiba baiskeli akalia, akaimbiwa, na baiskeli ikarudi. Lakini fundi wangu alikuwa ameielewa desturi ile kuliko walioileta. Alisimama, akafunga macho, akasema kwa ile sauti yake, "Ndugu zangu, shetani alinijaribu nikamkasirikia mke wangu." Machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. Wimbo ukapanda mpaka bati langu likatetemeka. Mkewe akaletwa mbele ampe mkono. Akautoa ule mzima. Nje ya mlango watu wakampongeza mume kwa unyenyekevu wake. Na kuanzia hapo, mdomo wa yule mama ulikuwa umefungwa na kanisa zima. Akisema neno, ni yeye anayemsengenya mtu aliyesafishwa.

Nilihudhuria jambo hilo mara tatu katika mwaka ule. Fundi wa bati anajua lehemu inayopakwa juu ya kutu. Inang'aa vizuri, na inashika mpaka mnunuzi akate kona.

Siku moja akina mama watatu wa kanisa wakaja karakanani. Aliyekuwa mbele alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mnene, yaya katika nyumba ya Wazungu kule Spring Valley. Fundi siku hiyo nilikuwa nimemtuma mjini kuchukua bati, na nikashuku mara moja kwamba walikuwa wamesubiri aondoke.

"Mwanangu," yaya akasema, "tumesikia una chumba kimoja kimebaki wazi."

"Nani kasema?"

"Mlango wake umesema. Hauna kufuli."

"Mnataka chumba cha nini?"

"Cha kufungwa kwa ndani."

"Kila chumba kinafungwa kwa ndani."

"Vyako vina kamba," akasema. "Tunataka komeo la chuma."

Wenzake wawili wakacheka kwa pua. Nikauliza kodi italipwa na nani. Wakatazamana. Nikauliza atakayekaa ni nani. Wakatazama nje. Nikawaambia, akina mama, enzi hizi chumba kinachokusanya watu wasiotajwa majina kinaleta askari, na askari hawatauliza nyinyi, watauliza mwenye chumba. Kwaherini. Yaya akaniaga vizuri mno. Hilo likanitia wasiwasi zaidi, maana mtu aliyekataliwa haagi vizuri namna ile.

Sikulala na jambo hilo vizuri. Akina mama wale nilikuwa nimewaona wakizunguka nyumba kwa nyumba Kangemi, wawili wawili, wakikaa muda mrefu kwa wengine na mfupi kwa wengine. Kuna siasa hapa, nikasema. Au kuna upatu wa siri na mimi ndiye nitakayefilisiwa. Nilikuwa na ndoo za kumwagilia maua za kupeleka Spring Valley, basi nikazifunga kwenye baiskeli mwenyewe badala ya kumtuma mtu, nikaenda kuchunguza. Nilimkuta yaya nyuma ya nyumba ya tajiri wake, anaanika nepi.

"Mama, niambie kweli. Nyinyi mna mkutano gani?"

"Mkutano wa kufua," akasema, akanitia vibanio vya nguo kiganjani. "Shika hivi. Mtu aliyekuja kuuliza maswali mikono yake isikae bure."

Basi mimi, mwenye vyumba sita, nikawa namkabidhi kibanio baada ya kibanio. Akaniambia bila kugeuka. Atakayekaa ni mke wa fundi wangu. Mkono ule haukuungua na uji, uliunguzwa na chuma cha kulehemu, na chini ya nguo kuna mistari mingine. Yeye mwenyewe aliiona, alipomsaidia kuoga alipokuwa na homa. Chuma hicho ni changu. Kinatoka karakanani kwangu Jumamosi na kinarudi Jumatatu.

Nilibaki nimeshika kibanio. Mimi nilikuwa nimemvizia yule mtu kwa ajili ya senti za sufuria.

"Kwa nini hamsemi kanisani?" nikamwuliza.

"Tuseme nini? Imeimbwa mara tatu."

"Na kwa nini mmekuja kwangu? Kuna wazee wa kanisa wenye vyumba."

Hapo ndipo alipogeuka. "Kwa sababu wao wanaamini watu. Sisi sote tuliookoka tumemwamini yule mara tatu, na akilia mara ya nne tutamwamini tena. Wewe humwamini mtu. Mkeo ametuambia hata yeye unamhesabia viberiti."

"Mke wangu ndiye aliyewatuma?"

"Mwanangu, kwani chumba kiko wazi nani alitwambia? Mlango?"

Nilirudi Kangemi nikitembea na kuisukuma baiskeli, siipandi, kwa hasira. Mke wangu mwenyewe yumo! Lakini nikawaza: huyu fundi amenidanganya mimi. Amechukua kitu changu, amekifanyia uovu, akakirudisha kimefutwa majivu, akaniambia "karibu, tajiri." Hakuna aliyewahi kunifanya hivyo. Jioni ile nikatoa shilingi mbili na senti hamsini, nikanunua komeo nene la chuma, nikalipiga misumari mwenyewe kwenye mlango wa chumba kile, na kila mtu aliyepita nikamwambia bei yake.

Yaya alipokuja nikamwambia, "Ni mwezi kwa mwezi. Na mwisho wa mwezi mtalipa nini?"

"Hatuna."

"Kwa hiyo mimi sasa nimekuwa kanisa?"

"Kanisa lina benchi," akasema. "Wewe una komeo."

Jumamosi asubuhi, wakati fundi amekaa mbele yangu analehemu, akina mama walimhamisha mkewe. Godoro moja, sanduku moja, sufuria mbili. Kazi ilipofungwa fundi alikwenda kwake, na haukupita muda akarudi akiwa amevaa koti lake la kanisani.

"Tajiri, mke wangu yumo katika chumba chako."

"Yumo."

"Naomba unifungulie."

"Kimefungwa kwa ndani. Mimi mwenyewe siwezi kukifungua. Komeo lile ni la shilingi mbili unusu."

Akatabasamu. "Yale mambo yalikwisha, tajiri. Nilitubu, yakaimbwa. Anayeyafukua anatenda dhambi."

"Walioimba ni wao," nikamwambia. "Mimi sijaimba. Mimi hata sauti sina."

Akanitazama. Macho yale hayakuwa na hasira hata kidogo, na ndiyo sababu niliishika nyundo iliyokuwa karibu yangu. Akasema, "Sawa. Kesho tutaliweka mbele ya ndugu." Akaondoka taratibu, na mlango wa karakana akaurudisha bila kuubamiza.

Jumapili alasiri kanisa lilijaa. Habari ya chumba ilikuwa imefika kila mahali, na wengi walikuwa wamekwisha kuamua: mwanamke amehama kwa mumewe na kuwekwa na mwenye nyumba ambaye hajaokoka. Nilisikia minong'ono nikipita. Mmoja akaniuliza, "Ndugu, na wewe umekuja kutubu?" Nikamwambia nimekuja kuangalia paa langu.

Mke wa fundi alikaa katikati ya yaya na mke wangu. Fundi akasimama. Akafunga macho. Akasema shetani amemjaribu tena, amemkasirikia mke wake mpaka mke akaondoka, anaomba ndugu wamsamehe na mke arudi nyumbani leo hii. Akalia. Nakiri alilia vizuri. Wanaume wawili mbele yangu walifuta macho.

Mwalimu wa kanisa alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye haraka ya amani. Kwa kuwa mwanzishaji wa nyimbo ndiye aliyekuwa analia, Mwalimu mwenyewe akaanzisha wimbo. Wanaume wakaupokea. Sehemu ya akina mama ikafika, ile inayopanda juu, na haikupanda. Wanaume wakaendelea peke yao mstari mmoja, sauti nzito zinatambaa chini, wakageuza vichwa kutazama upande wa pili. Akina mama walikuwa wamekaa, mikono mapajani, midomo imefungwa. Wote. Hata vikongwe. Wimbo ukadhoofika, ukabaki na mzee mmoja asiyesikia vizuri, naye jirani yake akamgusa bega akanyamaza.

"Akina mama," Mwalimu akasema, "kuna nini?"

Yaya akasimama. "Hakuna neno, Mwalimu. Bado haijaisha. Ikiisha tutaimba."

"Ndugu ametubu! Tumeagizwa tusamehe."

"Kusamehe tumesamehe. Kuimba bado."

Mtu mmoja akapiga kelele nyuma kwamba hii ni fitina ya wanawake. Mwingine akasema iende kwa wakubwa. Yaya hakuketi. Akasema, "Ametubu hasira. Hasira si kitendo. Hata mimi nina hasira sasa hivi, mmeona nimemfanya mtu nini? Mwulizeni hasira yake ilishika nini mkononi."

Nilimwangalia Mwalimu, maana mambo yote yalikuwa juu yake. Nilitegemea atafute njia ya kupita pembeni, kama wakubwa wote. Alifungua Biblia, akaifunga. Akamtazama yule mama aliyekaa katikati ya wengine wawili, na ule mkono wake uliofunikwa na leso siku ile ya joto. Kisha akamgeukia fundi.

"Ndugu, ilishika nini?"

Fundi akafumbua macho. Machozi yalikatika kama bomba lililofungwa, na ndipo nilipojua kwamba yalikuwa na bomba. Mwalimu akauliza tena. Basi mkewe akasimama. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema zaidi ya salamu. Hakusema mengi. Aliiondoa leso, akasema, "Chuma cha kazini. Kwanza anakiweka jikoni. Ananiuliza maswali wakati kinapata moto." Akaketi.

Bati la paa likalia kwa jua, kama linavyolia alasiri. Mwalimu akashuka pale mbele, akaenda akapiga magoti chini kwenye udongo, karibu na benchi la akina mama lakini si karibu sana, akasema, "Mama, tulikuimbia mpaka kinywa chako kikafungwa. Sisi ndio tuliofunga." Wanaume wengine walikasirika mwalimu kupiga magoti mbele ya mwanamke. Fundi akachukua kofia yake, akapita mbele yangu akatoka nje. Alinukia sabuni.

Mimi nilishuku, na niliendelea kushuku. Nikasema wataona haya wiki moja, ya pili watamrudisha. Lakini kanisa lile dogo lilifanya mambo, na nitayasema jinsi nilivyoyaona. Mwalimu alitangaza kwamba kutubu hakufungi mdomo wa aliyeumizwa, na anayemwita msengenyaji ndiye atakayesimama. Aliyempiga mtu wa nyumbani kwake hataanzisha wimbo wala kushika kazi yoyote. Atakaa benchi la nyuma mpaka akina mama waseme. Wazee wawili walipewa kazi ya kumtembelea fundi, si kumfariji, kumwuliza. Na bibi arusi yeyote aliyeletwa kutoka nyumbani, kabla hajajua duka la unga liko wapi, yaya na wenzake walimtembeza wakamwonyesha milango atakayogonga saa yoyote, mumewe akiwa papo hapo anasikia. Waume wengine walichukia. Wakasema tunalindwa kama wezi. Mimi nikawaambia, mimi nimelinda watu kama wezi miaka yote, na walio safi hawajapungua uzito.

Mimi nilikitia chuma changu mnyororo. Fundi aliacha kazi bila kudai siku zake, akaenda kwa Mhindi mmoja mjini. Aliyeshika nafasi yake alikuwa na mikono kama miguu. Wateja walirudisha masanduku. Niliposikia basi la kwenda nyumbani limefika na sanduku langu limeachia kitako njiani, na mali ya mtu imemwagika juu ya paa la basi, nililala bila kula. Na chumba hakilipwi. Akina mama walileta unga, kuni na mafuta ya taa, lakini vyote vilikwenda kwa yule mama, hakuna hata kijiti kilichokuja kwangu. Yeye akaanza kuosha nguo za watu, baadaye akaja kuniomba apake rangi masanduku, maua na ndege kwenye kifuniko. Nikamkatalia, nikidhani ni ujanja wa yaya. Mke wangu akamruhusu. Yaliuzwa kuliko yale yasiyo na maua. Nasema hivi ili ijulikane jicho la biashara liko nyumbani kwangu.

Mwaka ulizunguka. Fundi alikuwa amerudi kanisani, benchi la nyuma, sambamba na mimi, upande wa pili wa mlango. Alikaa kimya. Wazee wakasema amebadilika. Labda. Mimi nasema nilichoona, na moyo wa mtu hauna dirisha. Mkewe alikuwa anamsalimia kwa mbali kisha anakwenda zake na wenzake. Wimbo ule haukuimbwa.

Siku moja mchana, karakanani, fundi alikuja amevaa koti lile. Mimi nilikuwa peke yangu mbele. Nyuma ya ukuta mkewe alikuwa anapaka rangi. Tuliisikia brashi ikigonga kopo.

"Tajiri," akasema kwa ile sauti, "nimekuletea haki yako."

Akafungua kitambaa mezani. Noti na shilingi, zimepangwa.

"Nini hii?"

"Kodi ya chumba cha mke wangu. Umebeba mzigo wangu mwaka mzima. Si vizuri. Mume ndiye anayelipia mahali mkewe anapolala."

Nitasema ukweli, mkono wangu ulisogea. Masanduku yalikuwa yamenirudia, Mhindi wa bati ananidai, na pesa zile zilikuwa halali, kodi ya chumba changu mwenyewe. Tena alikuwa mpole. Tena wazee walikuwa wamesema amebadilika. Nikazivuta karibu nikazihesabu, nikazirudia. Nikaona amezidisha kidogo. Nikamwuliza hizi za juu ni za nini.

"Za komeo," akasema. "Wewe mwenyewe ulitangaza bei."

Nyuma ya ukuta brashi ikanyamaza.

"Ukishapokea hizi," nikamwuliza, "unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu. Lakini Nairobi yote, anayelipa kodi ndiye mwenye chumba. Si kweli? Komeo ni langu, mlango ni wangu. Mwenye mlango akisema komeo liondolewe, linaondolewa."

Hakuwa amepaza sauti hata nusu. Nikazirudisha pesa ndani ya kitambaa, nikakifunga kwa fundo, nikamwekea mfukoni mwa koti kwa mkono wangu, maana hakuwa anaunyoosha wake. Nikamwambia chumba kile hakina mpangaji anayelipa, kwa hiyo hakina mwenyewe isipokuwa aliyemo ndani. Nikamwambia leo jioni Mwalimu na yaya watasikia kila neno, na mimi si msengenyaji, sijaokoka. Akanitazama tena vile alivyonitazama zamani, akaondoka, na safari hii aliubamiza mlango. Nilifurahi kuusikia.

Brashi ikaanza tena kugonga kopo. Yule mama alikaa katika chumba kile mpaka mwenyewe alipotaka kuhama, na alipohama akina mama wakamwingiza mwingine kabla sijapata hata nafasi ya kukifagia, kama nilivyoshuku tangu mwanzo. Kodi niliyoikosa baadaye sikuijumlisha. Lakini pesa zile nilizozirudisha kwa mkono wangu siku ile nazijua, maana nilizihesabu mara mbili: kodi ya mwaka, pamoja na komeo, shilingi mia mbili arobaini na mbili na senti hamsini.